Mshipi wa Gari la Mwinyi Kombo

Nyinyi vijana mnaopaka sabuni mkanda wa gari unapolia, nawaambia mapema: mnaosha, hamtengenezi. Sabuni itaunyamazisha mpaka mteja afike kona ya pili, kisha utalia tena, naye atarudi kukulilia wewe. Mkanda ukilia una neno. Ama umelegea, ama puli, yale magurudumu unayoyazunguka, hazikukaa mstari mmoja, ama umevishwa puli isiyo yake. Kazi ya fundi ni kujua neno lenyewe ni lipi kabla hajashika spana.

Mimi sikusoma. Madrasa nilikaa, shule niliionja tu. Herufi hizi ninazoandika nilijifunza ukubwani, kwenye maboksi ya vipuri. Lakini gereji ya Ukunda niliisimamisha kwa mikono hii, na nyumba ya Bongwe pia, na hakuna mjomba aliyenipa hata nati. Basi mkiona sentensi imepinda, inyosheni wenyewe mwendelee.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Shee, mtu wa Mkwiro, kule Wasini. Alianzia injini za mashua, akaja bara yetu huku akafungua kibanda cha makuti kando ya barabara ya Ukunda. Alikuwa mfupi, mkali, na mbishi wa maneno. Sisi tulisema feni belti, wengine wakasema mkanda. Yeye alikataa yote mawili. Kwake ulikuwa mshipi. "Mtu hujifunga mshipi kiunoni akafanya kazi," alikuwa akisema, "na injini nayo hujifunga mshipi kiunoni ikafanya kazi. Feni belti ni nini?" Ukimletea gari ukasema feni belti imekatika, alikuwa akikuuliza imekatika nini, mpaka useme mshipi. Neno hilo lilikuja kutuponza, nitafika huko.

Kibanda kile kilikuwa kinakula kwa malori mawili ya Mwinyi Kombo, mfanyabiashara wa nazi kavu. Baiskeli na pampu za maji zilikuja na kwenda, lakini malori yale ndiyo yaliyotuwekea ugali mezani, mimi na Shee na watu wa nyumbani kwetu. Mlijue hilo, maana ndilo lililotutoa jasho.

Miaka ile bendera mpya ilikuwa bado haijapauka, na wazungu kadhaa wa mashamba ya huku walikuwa wanauza vitu na kuondoka. Mmoja wao alikuwa na gari la spoti, jekundu, la viti viwili, limekaa chini kama linatafuta kitu mchangani. Mwinyi Kombo alilinunua. Watu walipoliona wakaliita Kiatu, na yeye alipojaribu kuingia na tumbo lake, wakasema kiatu kimebana. Hakujali. Alikuwa anapita nalo Diani na miwani ya jua, mkono nje.

Ubaya wa Kiatu ulikuwa mmoja: likienda mbio lilikuwa malaika, likienda pole lilichemsha. Kwenye foleni ya feri ya Likoni lilitoa moshi kila mara, na wauza korosho walikuwa wanakuja kulisalimia kwa jina. Na taa zake zikiwashwa likiwa linakwenda pole, betri ilikufa. Sababu ilikuwa wazi kwa mwenye kujua. Feni yake ilikuwa ndogo, ya panga nne, na dainamo yake, kama dainamo zote, haikutoa umeme wa maana mpaka injini ipige mbio. Zote mbili zilivutwa na mkanda mmoja mpana, mnene kama gongo, ulioshika puli ya chini ya krenki, ule mhimili wa injini, puli ya pampu ya maji yenye feni, na puli ya dainamo. Ulaya kwenye baridi, sawa. Huku kwetu mwezi wa Machi, hapana.

Lingeweza kubaki hivyo mpaka likaoza, lakini mwanawe Mwinyi Kombo, Abdalla, alipata mchumba Msambweni. Mwinyi akaja kibandani, akakataa kukaa. Akasema bwana harusi atapelekwa Msambweni kwa Kiatu, na mji utakatwa kwa mwendo wa miguu, ngoma mbele, zumari nyuma, taa zimewashwa, honi inapigwa.

Fundi Shee akamwambia hiyo ndiyo kazi ambayo gari lile haliwezi.

"Ndiyo maana nimekuja," akasema Mwinyi. "Likichemsha mbele ya wakwe zangu, Shee, sitakutukana. Nitachukua malori yangu nikayapeleke gereji ya Mombasa, na tutabaki kusalimiana msikitini."

Akaondoka, Kiatu akaliacha pale. Shee akaniambia nifungue boneti.

Alikuwa na wazo lake. Altaneta, mashine za kuchukua nafasi ya dainamo, zilikuwa zimeanza kuja, ngeni, na sifa yake ni kwamba hutoa umeme hata injini ikinguruma pole. Mwinyi alikubali kuinunua kwa muuza vipuri wa Mombasa, pamoja na feni ya panga sita. Zilipofika tukazishangaa kama mtoto mchanga. Shida ikaonekana papo hapo. Puli ya altaneta ilikuwa na mfereji mwembamba. Mkanda wetu mpana haukuingia, ulikaa juu yake kama mtu mzima juu ya kiti cha chekechea.

Tukatafuta mkanda mwembamba wa lori bovu, tukauvisha puli zote tatu. Injini ikawaka, mkanda ukalia kama mbuzi wa Idi. Kila aliyepita barabarani alikuwa na ushauri wake, na ushauri ulikuwa mmoja: kaza. Tukakaza. Ukalia. Tukakaza tena mpaka spana ikapinda, na pampu ya maji ikaanza kuvuja, maana beringi yake ilikuwa inavutwa upande kama punda aliyefungwa mzigo mmoja.

Hapo nilijifunza jambo ambalo nimewafundisha wengi, na wengi wamelisahau. Mkanda haushiki kwa tumbo. Hushika kwa mbavu. Umekatwa kama kabari, na zile pande zake mbili ndizo zinazobana kuta za mfereji. Mkanda mwembamba kwenye mfereji mpana huzama mpaka tumbo likagusa chini, mbavu zikabaki hewani, na hapo hata ukikaza mpaka Siku ya Kiama utateleza tu. Kwa hiyo, mkibadilisha mkanda mpana kwa mwembamba, badilisheni na puli. Zote. Puli mbili mpya na moja ya zamani ni ndoa ya wake wawili na mume mmoja asiyejua kusema ndiyo.

Puli za namna ile hazikuwa dukani. Tukapeleka mfano kwa mkerezaji wa mashine kwenye kiwanda cha sukari kule Ramisi, Bwana Maina, mtu wa bara aliyesomea kazi yake chuoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, lakini mkono wake ulikuwa wa dhahabu. Shee akamwambia puli ya feni aifanye ndogo kabisa, ndogo kama kikombe cha kahawa, ili feni izunguke kwa kasi gari likienda pole.

Maina akachukua chaki akachora duara mbili sakafuni, kubwa na ndogo. "Sasa mzee, hii kubwa ikizunguka mara moja, hii ndogo inazunguka mara ngapi? Saa ile gari iko kwa harusi, ni sawa. Na saa ile iko Diani inakimbia? Hiyo feni itatoka kwa boneti iende Pemba."

Shee akachuchumaa kuzitazama zile duara. Maina akaeleza pia kwamba puli ikiwa ndogo mno mkanda hukosa pa kuikumbatia, hushika kidogo tu, ukateleza. Akakereza ndogo kuliko ya zamani, lakini si kikombe. Mimi mpaka leo nikipunguza puli ya feni nauliza kwanza mwenye gari anapenda kukimbia namna gani. Mtu akikuonyesha kitu kwa chaki, kitazame, usitazame kabila lake wala viatu vyake.

Puli zikaja, zinang'aa. Ukabaki mkanda mpya mwembamba wa urefu wake. Shee alipima mzunguko kwa kamba ya katani, akafunga fundo, akampa Kassimu, dereva wa lori moja la Mwinyi aliyekuwa anakwenda Mombasa. Kassimu alikuwa mtu wa Shimoni, mvuvi kabla ya kuwa dereva. Nilikuwepo, nilimsikia Shee kwa masikio yangu: "Niletee mshipi mwembamba, mgumu, usiovutika. Urefu ni huu."

Kassimu akarudi jioni, amejaa furaha. Akatoa kwenye gazeti kikunjo cha uzi wa kuvulia samaki, ule mzito wa kuvutia changu.

Shee alitazama ule uzi, akamtazama Kassimu. "Hiki nini?"

"Mshipi. Mwembamba, mgumu, hauvutiki. Na mwenye duka nilimwambia asipunje, kakupa na ziada."

"Kassimu, wewe unaendesha gari au ngalawa?"

"Fundi, wewe mtu wa Mkwiro. Mtu wa Mkwiro akiniagiza mshipi, nimletee nini, suruali?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye oili. Shee hakucheka. Kwetu pwani mshipi ni wa kiunoni na mshipi ni wa kuvulia, neno moja, na yeye miaka yote alikuwa anatulazimisha tuliseme. Siku ile nikadhani ataacha. Hakuacha. Alisema kosa ni la Kassimu, hakuuliza mshipi wa nini.

Mkanda wa kweli ukaja na lori la kesho yake, tukauvisha. Ulinyamaza. Tukafurahi, tukanywa chai. Tulipofungua boneti baada ya kuzunguka mpaka Tiwi na kurudi, tukakuta vumbi jeusi limenyunyizwa kila mahali kama pilipili manga, na upande mmoja wa mkanda umelika. Kwa macho puli zilikuwa sawa. Niliinama, nikafumba jicho moja, nikaapa ziko sawa. Na harusi ilikuwa Alhamisi ya wiki ile.

Shee akauokota ule uzi wa Kassimu. Akanipa ncha moja nishike juu ya uso wa puli ya krenki, akauvuta mpaka ukalia ting, akaupitisha kwenye uso wa puli ya feni hadi ya altaneta. Uzi ukagusa midomo ya mbili za kwanza vizuri. Kwenye altaneta ukabaki mbali, nafasi ya kupitisha chelewa cha ufagio. Altaneta ilikuwa imekaa nyuma ya wenzake. Jicho linakubali uongo, uzi uliovutwa haukubali.

Tukaisogeza mbele kwa washa, zile pete bapa za chuma, nyuma ya kishikio chake, tukarudia uzi, tukatoa washa moja, tukarudia, mpaka uzi ukazibusu puli zote bila kujikunja. Ndiyo sababu kila fundi aliyepita kwangu ana kikunjo cha uzi wa kuvulia ndani ya sanduku la spana, na wateja wakidhani anakwenda kuvua.

Mambo mawili nisiyaruke. La kwanza, betri. Magari mengi ya zamani yale waya wa bodi ulifungwa kwenye ncha yenye alama ya msalaba. Altaneta inataka bodi ifungwe kwenye ncha yenye kistari. Usipogeuza, itaungua kabla hujasema bismillahi. Palikuwa na mjuaji mmoja wa Ukunda aliyesikia habari za altaneta yetu akajifungia yake bila kuuliza, akatuletea kitu kinachonuka kama ngozi ya mbuzi jikoni. La pili, feni kubwa. Panga sita zilikaribia mno rejeta, lile tangi la kupozea maji, na injini husogea mbele kidogo ukifunga breki ghafla. Shee alichukua donge la unga wa mandazi kwa mama ntilie jirani, akalibandika kwenye ncha ya panga, akanituma niendeshe na kufunga breki kwa nguvu. Donge liliporudi zima, akaridhika. Kisha akataka kulirudisha kwa mwenyewe, na mama ntilie akamfukuza kwa mwiko.

Alhamisi ikafika. Shee aliniambia nivae kanzu, na chini ya kanzu nivae suruali yenye mfuko, na ndani ya mfuko spana. Mkanda mpya huvutika safari ya kwanza hata ukiufunga vizuri namna gani, lazima uukaze tena ukishapata joto. Tatizo lilikuwa Mwinyi Kombo. Alisema gari lake halitasimama njiani kufunguliwa boneti kama mgonjwa, watu wa Gazi watasema limekufa.

Msafara ukatoka Bongwe, Kiatu mbele na Mwinyi mwenyewe kwenye usukani, Abdalla kando yake na kilemba kinachogusa paa la turubai. Sisi tulikuwa nyuma kwenye lori la Kassimu na wapiga ngoma. Vumbi tulilikula lote. Adhana ya alasiri ikatukuta kabla ya kuingia mji, na Mwinyi, mtu wa swala, akaegesha penye msikiti. Alipovua viatu tu, Shee akanigusa. Nikafungua boneti, nikabonyeza mkanda katikati ya upande wake mrefu kwa dole gumba. Ukazama zaidi ya upana wa dole. Nikalegeza bolti ya kishikio, nikaivuta altaneta, nikafunga, nikabonyeza tena mpaka ukazama nusu ya hapo. Nikaingia msikitini rakaa ya mwisho, nikasimama kulipa zilizonipita, na Mwinyi akanisifu kwa imamu kwamba kijana huyu anapenda kukaa msikitini.

Msambweni tukaingia kwa miguu. Ngoma mbele, zumari zinalia, wanawake vigelegele, taa zimewashwa mchana kweupe, honi haipumziki. Mimi nilikwenda upande wa kushoto wa boneti, Shee upande wa kulia, tumeinamisha vichwa kama walinzi, watu wakidhani ni adabu. Tulikuwa tunasikiliza mkanda. Haukusema kitu. Kupitia dirishani niliiona geji ya joto, sindano inapanda pole pole, ikasimama chini ya alama nyekundu.

Karibu na nyumba ya bibi harusi, mashangazi wakaziba njia. Mnajua mila hii. Wamefungana mikono barabara nzima, bwana harusi hapiti mpaka awape haki yao. Shangazi mkubwa, Bi Mwanasha, alikuwa mbele, mama wa maneno, na nyuma yake wamebeba ndoo ya maji na kata. Sifa za Kiatu zilikuwa zimeshafika Msambweni kabla yetu. Walikuja wamejiandaa kulinywesha.

Wakataka leso. Wakapewa. Wakasema hizi rangi si zake, wakataka nyingine. Wakataka Abdalla awaimbie. Abdalla sauti hana, akaimba, wakamwambia aanze upya. Hawakuwa na haraka, na kila mmoja alikuwa anatazama mdomo wa boneti. Mwinyi Kombo hakuzima injini. Angeizima, wangesema imekufa. Gari limesimama, jua la alasiri mgongoni, upepo hakuna, honi inalia, na sindano ikapanda tena. Ikagusa alama nyekundu. Mwinyi alinitazama mara moja, na macho yale yalisema malori.

Shee alikuwa amekunja mikono kifuani. Mimi jasho lilikuwa linatiririka ndani ya kanzu mpaka spana ikateleza mfukoni. Feni ya panga sita ilikuwa inavuta, niliisikia ikivuta hewa kama mtu anayekunywa supu ya moto. Sindano ikatetemeka pale pale kwenye alama. Haikupita. Kisha, taratibu, ikarudi chini yake.

Bi Mwanasha alikuja mpaka mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka, akainama akatazama chini kama kuna tone. Hapakuwa na tone. Akawageukia wenzake akawaambia wafungue njia, chuma hiki kimekuja na fundi wake.

Mwinyi Kombo akatoa kichwa dirishani. Hakutushukuru, hakuwa na tabia hiyo. "Shee," akasema, "lori la Kassimu breki zinavuta kushoto. Jumatatu mliangalie."

"Liletwe asubuhi," akasema Shee.

Gari likapita, ngoma zikalifuata. Bi Mwanasha akabaki na ndoo yake imejaa, hana pa kuimwaga. Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, kanzu imenigandama mwilini kama niliyetoka baharini.

"Basi, mwanangu, maji haya utakunywa wewe," akasema, akanipa kata. "Gari halikuchemka. Umechemka wewe."

Wanawake wakaangua kicheko. Nikapokea kata kwa mikono miwili, nikanywa. Fundi Shee akanijia ubavuni, amelowa jasho vile vile, akasema kwa sauti ya chini ili wasisikie:

"Nibakishie."